Taratibu Anataka Kuhama Kampuni

Benchi la nje ya duka langu la kushona ni la wateja. Nililichongesha mwenyewe na kulipaka rangi mwenyewe, na tangu liwekwe pale sijaona mteja akipata nafasi ya kukaa. Wanaokaa ni walewale kila siku. Wateja wangu wanasimama juani wakinichungulia dirishani, nami nawaonyesha kwa mkono wavumilie, wenye benchi wana kikao.

Asubuhi hiyo kikao kilifunguliwa na Antena. Antena alikuwa fundi televisheni enzi zile televisheni zilipokuwa na mgongo. Televisheni zilipokonda na kazi yake ikakonda, lakini ujuzi anasema haujapungua hata chembe. Kitu chochote chenye waya, na vingi visivyo na waya, yeye ndiye msemaji wake.

"Sikilizeni habari," akasema, simu ameishika mbali na uso na miwani ameipandisha juu ya paji. "Kampuni ya waya imetangaza kwamba intaneti yao ya majumbani mwaka mzima haijakatika. Wamepata na tuzo. Meneja huyu hapa ameishika, anacheka."

"Tuzo wamepewa na nani?" akauliza Wakili.

Wakili hajasomea sheria. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi katika kesi ya ukuta, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa mpaka akapazoea, na alipotoka huko hakuwa tena mtu wa kuzungumza naye kawaida.

"Wamepewa na..." Antena akasogeza kioo kwa kidole. "Na wao wenyewe. Lakini ni tuzo. Ina kitako cha mbao."

Hapo Taratibu akatua kikombe chake cha kahawa. Taratibu ni karani wa stoo, mtu wa heshima zake, na jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kumwambia binadamu mwenzake hapana. Ukimkanyaga anakuuliza kama umeumia. Mkononi anavaa saa mbili, kwa sababu siku aliyonunua walipita wauzaji wawili.

"Haijakatika?" akasema. "Kwangu inakatika kila siku. Na leo mke wangu anakaguliwa."

Tukamgeukia. Mke wa Taratibu anafanyia kazi nyumbani, anapokea simu za watu wa nchi za mbali walionunua majokofu. Jokofu likigoma huko kwao, simu inalia chumbani kwa Taratibu. Lakini simu zote hizo zinapita kwenye intaneti, na intaneti ikikatika, mtu wa watu anabaki na jokofu lake na hasira zake, halafu anawashtakia wakubwa.

"Wamemwonya," Taratibu akaendelea. "Leo mchana mkaguzi anaingia kwenye simu zake kimyakimya, anasikiliza. Ikikatika akiwa anasikiliza, kazi imekwisha. Na ile kazi ndiyo ada ya watoto, ndiyo kodi ya nyumba. Mshahara wa stoo mnaujua ulivyo. Asubuhi ameniambia nisirudi nyumbani mpaka nimeamua: tunabaki na watu wa waya, au tunahamia kwa watu wa kisahani cha setilaiti."

"Usihamie popote kabla sijapima," Antena akasema, akateremsha miwani. "Ikikatika, inakatikaje? Inasuasua kwanza?"

"Haisuasui. Ipo, halafu haipo."

"Picha inaganda?"

"Haigandi. Inaondoka."

"Mm. Na taa za ruta? Zinabadilika rangi?"

"Zinazimika."

"Zote? Hata ile ya umeme?"

"Hata ile ya umeme."

"Na umeme wa nyumba upo?"

"Upo. Feni inazunguka."

Antena akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati la Wakili. "Jamani," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo kali. Hiyo ni ruta inayozimia. Nimewahi kuisikia, sijawahi kukutana nayo."

"Inazimia kama mtu?" akauliza Dada Vocha kutoka chini ya mwavuli wake.

Dada Vocha anauza vocha, laini, chaja na bando pembeni ya benchi langu. Anauza za kampuni zote, kwa hiyo anazisema vibaya zote bila upendeleo.

"Kama mtu. Ni presha. Data ikija kwa mkupuo, kifaa kinapandwa na presha, kinaanguka. Kikipata hewa kinazinduka. Taratibu, huwa kinazinduka?"

"Huwa kinazinduka," Taratibu akasema huku akiangalia viatu vyake. "Baada ya muda."

"Si mnaona? Jirani yako ana mabati mapya?"

"Ana ya zamani."

"Mabaya zaidi. Na tangi la maji?"

"Analo."

"Basi ndugu yangu, wewe unaishi katikati ya mabati na maji, halafu unashangaa ruta kupata presha."

Wakili alikuwa ameinua mkono tangu zamani, akisubiri aruhusiwe. Hakuna aliyemruhusu, akaanza. "Mkataba unasemaje?"

"Unasema watajitahidi huduma ipatikane muda wote."

"'Watajitahidi.' Mimi nikikuambia nitajitahidi kuja kwenye harusi yako, unanihesabu kwenye viti?"

"Sikuhesabu."

"Basi. Walishakuambia mapema hawaji."

"Nihamie kisahani, kwa hiyo?" Taratibu akauliza, na nikaona uso wake umepata matumaini kidogo.

"Kisahani na waya vyote ni vya mama mmoja," Dada Vocha akasema. "Ukiwa na waya, mtu akichimba barabara unakaa gizani. Ukiwa na kisahani, wingu likipita unakaa gizani. Unachochagua ni mtu wa kumlaumu, mchimba mtaro au Mungu. Ukinunua bando langu utanilaumu mimi, na mimi niko hapa hapa."

"Wewe una maslahi," Wakili akamkatiza. "Ushahidi wako hatuupokei."

"Upokee kahawa basi, imepoa."

Wakili akaipokea. "Tatizo la kuhama," akasema baada ya kunywa, "ni kwamba lazima tuthibitishe kosa ni la kampuni. Vinginevyo watasema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Kwa hiyo nitauliza na wewe utajibu. Ruta iko wapi?"

"Sebuleni. Juu ya kabati la vyombo."

"Inakatika nyakati gani?"

"Asubuhi chai ikishanywewa. Mchana baada ya kula. Na alasiri."

"Mabati yanapopata joto," Antena akadakia.

"Shahidi asisaidiwe. Mkeo huwa wapi?"

"Chumbani, kazini. Anafunga mlango, hedifoni masikioni."

"Na sebuleni huwa yupo nani?"

Taratibu akageuza saa moja mkononi, halafu akageuza na ya pili.

"Sebuleni," Wakili akarudia, "huwa yupo nani?"

"Huwa yupo Mama."

"Mama yako alishatangulia. Tulimzika wote."

"Mama mkwe."

Benchi zima likakaa vizuri. Antena akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Anachomoa plagi," Taratibu akasema.

"Presha," Antena akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeaga.

Basi Taratibu akatoa yote. Siku moja yule mama alipitisha mkono juu ya ruta akakuta ina joto. Na binti yake alikuwa ameshamwambia, Mama, unakiona hiki kiboksi, hiki ndicho kinachotulisha humu ndani. Mama akashtuka. Akamwita mkwewe.

"Akaniambia, mwanangu, kitu kinachowalisha ndicho mnakifanyisha kazi kutwa bila kupumzika mpaka kinapata homa? Akachomoa. Akakifuta kwa kitambaa chenye maji, akakiweka dirishani kipigwe na upepo. Halafu akaniuliza, nimekosea?"

"Ukamjibu nini?" akauliza Wakili.

"Nikamwambia, hapana Mama, umefanya vizuri."

Mteja mmoja aliyekuwa amesimama juani na suruali yake akatikisa kichwa, akaondoka nayo.

"Tangu siku hiyo anakipumzisha," Taratibu akasema. "Asubuhi kikishapata joto. Mchana kila mtu akishakula. Na alasiri akienda kujinyoosha, maana anasema hawezi kulala yeye wakati kiboksi kiko kazini. Akiamka anakirudisha, na anakipa pole."

"Na mkeo hajui?"

"Hajui. Akitoka chumbani, Mama ameshakirudisha. Akijua atasema neno, na huyo mke wangu neno lake ni zito."

Dada Vocha ghafla akawa na kazi ya kupanga upya chaja zake.

"Sasa shida iko wapi?" Antena akasema. "Mwambie mama mkwe wako aache. Basi."

"Hamjui alikotoka," Taratibu akasema, na sauti yake ikabadilika. "Alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume. Kule kila alichogusa aliambiwa aache. Mama usiguse jiko. Mama usivute pazia. Mama hiyo pasi siyo ya kwako. Alipofika kwangu, alikaa kwenye kochi na begi lake mapajani mpaka jioni, anaogopa hata kuliweka chini. Juzijuzi tu ndiyo ametoa nguo zake akazitundika. Na huyu mama ndiye aliyesema nipewe binti, ukoo mzima ulipokataa kwa sababu sina kitu. Leo nimwambie na mimi, Mama usiguse? Atafunga begi kesho yake. Namfahamu."

Nikajikuta nimeacha kushona. Iliniuma, sitaficha. Pale pale nikaona pia kwamba huyu mtu ameketi kwenye benchi langu asubuhi nzima akiacha Antena apime mabati ya jirani, wakati jibu analo tangu alipoamka, na hilo nalo likaniuma kwa namna yake.

"Mimi ningemwambia," Antena akasema. "Mama, vitu vya umeme havichoki. Kwisha."

"Mimi ningemkabili kwa hoja," Wakili akasema. "Kwa upole, lakini kwa hoja."

"Nyote mna wakwe," Taratibu akasema. "Lini mlimwambia mkwe aache kitu?"

"Wangu yuko mbali," Antena akasema.

"Wangu haulizi," Wakili akasema.

"Fundi je?"

Mimi sikusikia, cherehani ilikuwa inapiga kelele. Ilikuwa imezimwa, lakini sikusikia.

"Waite watu wa waya," Dada Vocha akasema. "Fundi wao aje aseme yeye. Mgeni husikilizwa."

"Alishakuja."

"Akasema nini?"

"Mama alimkaribisha. Akamwandalia chakula."

"Akala?"

"Akala, akaongezwa. Katikati ya kula Mama akainuka akachomoa ruta mbele yake, akasema ipumzike kidogo tusiisumbue wakati kuna mgeni. Fundi akaiangalia. Akaniangalia. Akasema, sawa Mama. Akanawa, akaandika kwamba laini ni nzima, akaondoka na chakula kingine kwenye mfuko."

"Huyo hafai tena," Wakili akasema. "Ameshakuwa mtoto wa nyumba."

"Ndiyo maana nataka kuhama," Taratibu akasema.

Wakili akaweka kikombe chini polepole. "Ngoja nikuelewe. Huhami kwa sababu ya intaneti."

"Hapana. Intaneti ni nzuri sana."

"Unaiacha kampuni isiyo na kosa, unakwenda kwa kampuni usiyoijua, ili aje mtu asiyekujua, mwenye sare, amwambie mama mkwe wako sentensi moja."

"Ndiyo."

"Sentensi yenyewe?"

"'Mama, usikizime.'"

Wakili akafikiri kwa muda mrefu, mikono nyuma, ingawa alikuwa amekaa. "Kisheria," akasema, "sioni kizuizi."

Mimi niliona vizuizi vingi, lakini mimi ni mwenye benchi tu. Antena akapiga simu kwa watu wa kisahani. Akazungumza nao akiwa amesimama, akiwatajia masafa na mabati, halafu akakata.

"Fundi wao yuko mtaa wa nyuma, anakuja sasa hivi."

"Sasa hivi yao au sasa hivi yetu?" Dada Vocha akauliza.

"Yao. Nimewaambia mteja anahitaji fundi mkali, ambaye hatakula."

"Wamesemaje?"

"Wamesema wataliweka kwenye maelezo."

Taratibu akaangalia saa zote mbili. Jua lilikuwa limeshapanda, na mkaguzi wa majokofu huko aliko alikuwa anakaribia kuvaa hedifoni zake. "Mama atakuwa hajachomoa ile ya mchana," akasema. "Hawajala bado. Akiwahi huyu fundi, tumepona."

Ndipo tukamwona anakuja mwenyewe.

Ni mama mfupi, anatembea haraka. Kifuani alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge, kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki, na kwenye kitenge kile palikuwa pamening'inia waya wenye plagi.

Watu wote wakasimama. Sijawahi kuliona benchi langu likiwa tupu saa hizo, ni zuri kweli.

"Shikamoo Mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni." Hakuna aliyekaa. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu ya kukatia, akafungua kitenge, na ruta ikawa mezani, imefutwa, inang'aa. "Fundi, mwanangu, nimekuletea hiki. Kinaingiwa na vumbi. Nataka ukishonee vazi, nimeona nikilete kabisa ukipime, nisije nikakosea kimo."

Nikamwangalia Wakili, mtu wa hoja. Wakili akakohoa.

"Mama," Wakili akasema, "kitambaa kiwe kizito au chepesi?"

"Chepesi," Antena akajibu upesi. "Kiwe kinapitisha hewa."

"Umesema vizuri, mwanangu. Maana kina joto, hiki."

"Kweli kabisa, Mama. Kina joto sana."

Nami nikachukua futi kamba shingoni nikaanza kupima. Sina la kujitetea. Mkono ulikwenda wenyewe, ndiyo kazi yake.

Taratibu alikuwa amegeuka rangi. Alitazama ruta, akatazama upande wa nyumbani kwake, ambako wakati ule mke wake alikuwa chumbani na mkaguzi masikioni na jokofu la mtu halijapona. Akapiga hatua mbele. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Mama," akasema.

"Naam, mwanangu."

"Mama, hicho kiboksi..."

"Ndiyo, baba."

"...karibu ukae, Mama."

Mama akakaa. Taratibu akainamisha kichwa, na mimi nikapima upana.

Kisha mke wake akatokea kwenye kona, kandambili miguuni, hedifoni shingoni na simu mkononi. Alipofika akasimama. Akaiona ruta mezani. Akaniona na futi kamba. Akamwona mama yake kwenye benchi na mume wake amesimama kama aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

"Ni mimi," Taratibu akasema kabla hajaulizwa. "Nimeileta mimi. Ipimwe."

"Wewe?"

"Mimi. Usimlaumu mtu."

"Ni yeye," Antena akasema.

"Nathibitisha," Wakili akasema.

"Waongo hawa," Mama akasema kwa utulivu. "Nimekileta mimi. Na huwa nakipumzisha mimi, kila siku, muulize mumeo. Yeye ndiye aliyeniambia nafanya vizuri."

Tukangoja lile neno zito. Mke wa Taratibu akaketi kwenye benchi kando ya mama yake, akaivua hedifoni shingoni.

"Mama, najua," akasema. "Nimejua tangu mwanzo. Nilitoka kunywa maji nikakuona dirishani unakipepea kwa sahani. Nikarudi chumbani nikafunga mlango."

"Ulijua?" Taratibu akasema.

"Nilijua. Ningemwambiaje? Ningekuwa namsema mama yangu mbele ya mkwe wake. Nikaona bora nikuambie wewe uhame kampuni, aje fundi mwingine, labda yeye atamwambia."

"Na mkaguzi?"

"Aliingia mapema, ameshamaliza kusikiliza na kuniandikia. Ameridhika, kazi ipo. Leo sikutumia ruta. Alfajiri nilinunua bando kwa Dada Vocha."

Tukamgeukia Dada Vocha.

"Siri ya mteja," Dada Vocha akasema, akipanga chaja. "Na tena ushahidi wangu hamuupokei."

Taratibu akacheka, halafu akajifuta macho kwa kiganja, halafu akacheka tena. Kilichomnyamazisha ni uso wa Mama. Mama alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo kumbe huwa naharibu," akasema. "Na wote mlijua. Binti yangu, mkwe wangu, mpaka hawa wa barabarani. Hakuna aliyeniambia." Akakunja kitenge mapajani. "Kule nilikotoka niliambiwa sana. Niliambiwa kutwa. Hapa sikuambiwa kitu hata siku moja, nikasema moyoni, basi nimefika kwangu, hapa sikosei. Kumbe nakosea, ila nafichwa kama mgeni."

Binti akamshika mkono mama yake. Taratibu akachuchumaa mbele ya Mama, chini kabisa kwenye vumbi na mabaki ya nyuzi zangu.

"Mama," akasema. "Usikizime mchana. Binti yako anakuwa kazini."

Akaisema yote, mpaka mwisho. Tulimsikia kwa masikio yetu.

Mama akamtazama. "Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu, Mama."

"Sasa hilo nalo la kuhangaisha mtaa? Sikizimi. Si useme, mwanangu. Mtu wa nyumbani anaambiwa." Akampiga Taratibu kofi dogo la begani, la kumwinua. "Ninyi mnanitunza mpaka mnapoteza kazi. Wajinga wakubwa."

Mke wa Taratibu akacheka kwa sauti. Antena akafungua kifungo cha juu cha shati. Mimi nikaona mambo yameisha, benchi litapata nafasi, nikawa nafikiria kumwita yule mteja wa suruali.

Pikipiki ikasimama mbele ya duka. Alikuwa kijana mwenye sare, ameloa jasho, sahani kubwa imefungwa mgongoni, na boksi jipya mbele yake kwenye tangi.

"Samahani wazee," akasema bila kutabasamu, maana alikuwa ameambiwa awe mkali. "Nimetafuta mtaa huu mpaka nimechoka. Nani anahama kampuni?"

Kila mtu akamtazama Taratibu. Mke wake akamtikisia kichwa, hapana. Wakili akamtikisia kichwa, hapana. Taratibu akafungua mdomo, akaiangalia ile sahani mgongoni kwa yule kijana, akaliangalia lile jasho.

"Ni mimi," akasema. "Karibu sana."

"Baba watoto!" mke wake akasema.

"Ametoka mbali," Taratibu akasema.

Kijana akashusha boksi, akaliweka mezani kwangu kando ya ruta ya zamani, akalifungua, akatoa kiboksi kingine. Mama akainuka akasogea. Akakishika kipya, akakishika cha zamani, na uso wake wote ukachangamka.

"Viwili?" akasema. "Sasa hapo mmefanya la maana. Kimoja kitakuwa kazini, na kingine kinapumzika. Nitakuwa navibadilisha mwenyewe."

Antena akainua kidole aeleze kwamba kitaalamu jambo hilo haliwezekani. Akafikiri. Akakishusha.

"Kitaalamu," akasema, "inawezekana."

Mama akanigeukia, nami nikachukua futi kamba nikakipima na cha pili.